Njia za Vendée Tulizozichora Hyattsville

Mmeniomba, wanangu mnaobaki ofisini kwenye meza za kuchora njia, niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla kompyuta hazijaanza kuwachagulia watu barabara. Nimestaafu, muda ninao, na birika liko jikoni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mlikisikia majumbani mkakijibu kwa Kiingereza, na sasa mtalazimika kusoma polepole. Vyeo sitavitaja. Nilivyopata mnavijua, na vilivyonipita nimeshavisahau.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika chumba kimoja juu ya duka la mazulia, Hyattsville, kando ya mji mkuu wa Marekani. Nilikuwa bado msichana, nimetoka Pangani kumfuata mume wangu Salim, aliyekuwa akiendesha teksi mjini. Nilijua kupiga taipu, na tangazo lilitaka mpiga taipu. Halikusema nitapiga taipu nini. Siku ya kwanza mwenye kampuni, mama wa Kimarekani aitwaye Ellen, aliniwekea mezani rundo la karatasi zilizoandikwa kwa kalamu: toka kijijini kwa barabara ya kanisa, kwenye msalaba wa mawe kata kushoto, pita mashamba ya alizeti, kwenye mnara wa maji kata kulia. Nikapiga taipu hivyo kutwa nzima. Jioni nikamwuliza Bi Ellen kama ni kitabu.

"Ni njia," akasema. "Watu wetu wanakwenda kuendesha baiskeli mashambani, magharibi ya Ufaransa. Karatasi hizi ndizo zinazowafikisha kwenye chakula cha jioni."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Salim kwamba nimepata kazi ya kuwaelekeza watu wazima wanaopanda baiskeli kwa hiari yao. Akauliza kama hawana magari. Nikamwambia wanayo, wengine mawili. Salim akaacha kula, akafikiri, kisha akasema nchi hii bado hajaielewa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Papa Musafiri. Kwao papa ni baba, kwetu pwani ni samaki mwenye meno, kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa nikimwita huku nimeficha tabasamu. Alitoka Bukavu, nchi ikiitwa Zaire siku zile. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na suruali yake alikuwa ameibana miguuni kwa kibanio cha nguo hata akiwa amekaa kitini. Kazi yake ilikuwa kuzungumza kwa simu na wenye nyumba za wageni kule Ufaransa, kutengeneza baiskeli, na majira ya joto kuendesha gari la mizigo linalofuatana na wageni. Pia ndiye aliyechora njia. Alitandaza ramani mezani, akashika kigurudumu kidogo chenye mshale, akakitembeza juu ya barabara kama mtu anayefuata mchwa, na mshale ukamwambia umbali.

Alinifundisha kwamba barabara nyekundu kwenye ramani ni za malori, za manjano ni za watu wenye haraka, na nyeupe ndizo zetu. Alinifundisha kutilia shaka kila barabara nyeupe iliyonyooka sana, kwa sababu upepo wa kutoka baharini huipenda pia. Alinifundisha kwamba duka la mikate la kijijini hufungwa adhuhuri bila kumwonea mtu huruma, na mgeni mwenye njaa hulaumu karatasi, halaumu saa yake.

Msimu wangu wa kwanza niliandika kwamba wageni wakate kushoto penye ng'ombe mweupe. Ndivyo nilivyokuta kwenye maelezo ya mgeni mmoja aliyetangulia. Kundi zima lilipita likaenda hadi mji wa pili. Papa Musafiri alinirudishia karatasi, hakukasirika.

"Mama Mwanaidi, minakuambia, usiandike ng'ombe. Ng'ombe iko na miguu. Andika kitu yenye haitembee, na yenye batu habapake rangi kila mwaka."

Tangu siku ile nikaandika makanisa, madaraja, visima na misalaba. Nanyi mkiona siku hizi simu inawaambia "kata kushoto" tu, jueni kwamba kuna watu waliwahi kuuliza: kushoto ya nini?

Ilipita miaka miwili kabla hajaniambia kwamba ni aibu kuandika njia za baiskeli na mimi mwenyewe sijui kupanda. Pangani baiskeli zilikuwa za kaka zangu. Mimi nilikaa nyuma, ubavu, nimeshika mkungu wa ndizi. Nikamwambia Papa Musafiri mimi ni mke wa mtu, nina ushungi na gauni refu, nitaanzaje? Akasema gauni ni kazi ya vibanio vya nguo, naye anavyo vingi. Jumapili asubuhi, uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka la mazulia ukiwa mtupu, akanishikia tandiko. Nilianguka upande wa kulia mara nyingi kuliko wa kushoto, sijui kwa nini. Salim alikuja Jumapili ya tatu kunitazama. Alisimama amekunja mikono, akaniona naenda kama kuku aliyeshtuliwa, kisha akavua koti akamwambia Papa Musafiri, "Mzee, pumzika. Nitamshika mimi." Hatimaye wote wawili waliniachia bila kuniambia, nami nikafika hadi kwenye ukuta.

Kesi ngumu nilikutana nazo nyingi, lakini mliyoniuliza ni ya Walter na June, nayo ndiyo ninayoitaka mimi pia.

Walikuja ofisini katikati ya miaka ile, mwezi wa baridi. June alikuwa mpishi wa shule kule Springfield, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu. Mumewe Walter alikuwa fundi wa reli Manassas mpaka presha ya macho ilipompokonya kuona. Alipanda ngazi zetu ameshika bega la mkewe, akaketi, akageuza uso kuelekea penye sauti ya taipureta.

June alieleza kwamba wamenunua baiskeli ya watu wawili. Yeye atakaa mbele aongoze, Walter atakaa nyuma akanyage. Wanataka kwenda Vendée, mkoa ule wa Ufaransa tuliokuwa tukiuandikia njia.

Bi Ellen alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa ajali. Aliwauliza June amewahi kuongoza baiskeli ya namna ile kwa muda gani. June akasema tangu Jumamosi.

"Nisamehe, Walter," Bi Ellen akasema, "lakini wageni wetu wanakwenda kule kwa ajili ya mandhari. Sitaki ulipie kitu usichoweza kukipata."

Walter hakuonyesha kuudhika. "Mnauza mandhari, najua," akasema. "Mimi niuzieni kitu kingine. Kule hakuna harufu? Hakuna sauti? Barabara zote ni sawa chini ya tairi?"

Bi Ellen alinitazama mimi, mimi nikamtazama Papa Musafiri, naye akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba barabara hazifanani hata kidogo, na kama Bwana Walter ana subira mpaka kiangazi, itaandikwa njia yake.

Walipoondoka, June alirudi peke yake kuchukua glavu alizozisahau. Nadhani alizisahau kwa makusudi. Aliniambia mlangoni, "Tangu aache kazi anakaa kwenye kiti kimoja sebuleni. Redio asubuhi, redio jioni. Siku tuliyojaribu baiskeli hii alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mwaka mzima." Akavaa glavu akashuka.

Kwa hiyo majira yale ya kuchipua nilitumwa Ufaransa kwa mara ya kwanza, pamoja na Papa Musafiri, kukagua njia. Nilikuwa nimeiandika nchi ile kwa miaka, nami nilipoiona nilihisi kama mtu aliyekutana na jamaa aliyekuwa akiandikiana naye tu. Ilikuwa vilevile na haikuwa vilevile. Sikujua, kwa mfano, kwamba vichochoro vya mashambani vinapita chini kati ya kingo mbili za majani marefu, na ukiingia humo jua linakatika na ubaridi unakushika shingoni. Sikujua kwamba miti mirefu iliyopangwa kando ya mifereji huchakarisha majani kama mvua hata siku kavu. Papa Musafiri aliendesha mbele, mimi nyuma, na kila mara nilifumba macho kidogo kwenye barabara iliyonyooka, kisha nikasimama na kuandika. Harufu ya mikate, halafu daraja la mbao, huvuma chini ya tairi. Kokoto, kisha lami laini, kisha jogoo wengi. Mashamba ya chumvi: hewa inabadilika ghafla. Jogoo niliwafuta. Wana miguu.

Mwisho wa njia ulikuwa kisiwa cha Noirmoutier. Kuna daraja, na kuna barabara ya zamani ya mawe wanayoiita Gois, ambayo bahari huifunika na kuifunua kila siku. Maji yakipwa unapita. Yakijaa, hakuna barabara. Kampuni ilikuwa ikiwapitisha wageni darajani. Lakini darajani ni malori na upepo tu, na kule chini kulikuwa na harufu ya mwani, sauti ya ndege, watu wakichimbua chaza matopeni, mawe yakigonga chini ya tairi. Nilikulia penye kupwa na kujaa, shangazi zangu walikuwa wakienda pwani kutafuta pweza, hivyo nilidhani nayajua maji. Papa Musafiri akanionyesha nguzo ndefu zilizosimama kando ya barabara, zenye ngazi na kijukwaa juu, kwa ajili ya waliochelewa. Maji ya kwetu hayajawahi kuhitaji ngazi. Nikaandika Gois kwenye njia ya Walter, na chini yake nikaandika saa za kupita kwa herufi kubwa.

Walter na June walifanya mazoezi majira yote yale kwenye barabara za mashambani magharibi ya Manassas. Mara mbili nilikwenda nao. June alikuwa akitangaza kila kitu cha barabarani: "Kona kushoto. Tunapanda. Shimo. Breki." Siku moja akaanza kumwelezea na farasi na nyumba, Walter akamkatiza kwa upole. "Niambie barabara, June. Hayo mengine nitajitafutia." Baada ya hapo hakumwelezea tena.

Kiangazi tukaenda, kundi dogo, mimi nikiwa msindikizaji kwa baiskeli na Papa Musafiri kwenye gari. Walter aliijua karatasi yake kwa moyo, June akiwa amemsomea. Kwenye vichochoro aliinua uso mara tu ubaridi ulipotugusa, akasema, "Hapa," kama mtu aliyefika nyumbani kwa rafiki. Wageni wengine walianza kumwuliza tumefika wapi. Jioni walimkalisha katikati ya meza.

Siku ya Gois tulianza kuvuka kwa wakati. Wageni wengine walitangulia. Papa Musafiri alishavuka na gari, alikuwa anatungoja upande wa kisiwani, ndivyo gari lilivyokuwa likifanya siku zote, kutangulia na kungoja. Mimi nilibaki nyuma na Walter na June. Tulikuwa tumekaribia katikati mnyororo wa baiskeli yao ulipokatika.

Nilitoa kibano cha mnyororo na kujaribu kuunga. Kipini kidogo kinachounga pingili za mnyororo kilinitoka vidoleni, kikaingia katikati ya mawe, ndani ya tope. Nikapapasa, sikukipata. Nikasema tutasukuma. Tukaanza kutembea, June akishika usukani, mimi nikisukuma yangu, Walter ameshika tandiko la nyuma. Mawe yalikuwa yana mwani. June aliteleza akaanguka vibaya, na alipojaribu kusimama, kifundo cha mguu kilikataa.

Wachimbua chaza walikuwa wanaondoka. Hawakuwa wanakimbia, ila hakuna aliyeinama tena.

"Maji yamegeuka," Walter akasema.

Mimi nilikuwa sijaona kitu. Tope lilikuwa linang'aa kama mwanzo. Kisha nami nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayemimina polepole kutoka jagi, ukitoka pande zote mbili.

Niliangalia nguzo ya karibu na ngazi yake, nikamwangalia June na mguu wake. Ile ngazi angeipanda, kwa shida, na tungekaa juu kule masaa na baridi na upepo. Nikamuuliza Walter kama ana nguvu za kusukuma. Tukamkalisha June kwenye tandiko la mbele la baiskeli yao. Yangu niliilaza kando ya barabara nikaiacha. Walter akasukuma kwa nyuma, mimi nikashika usukani ubavuni, June akatangaza kwa sauti kavu: "Mbele moja kwa moja. Jiwe limetokeza. Moja kwa moja." Walter alikuwa anahema lakini hakupunguza mwendo. Aliniambia, "Mwanaidi, usiniangalie mimi. Angalia barabara." Maji yakaanza kulamba kingo za mawe, kisha yakavuka barabara mbele yetu mahali palipobonyea, kama kitambaa kinachovutwa.

Ndipo nilipoliona gari. Papa Musafiri alikuwa amewahesabu wageni na wachimbua chaza waliofika, akaona tumepungua, akaingia kutufuata. Alisimama, akageuza gari kwenye barabara ile nyembamba kwa uangalifu uleule aliotembezea kigurudumu chake kwenye ramani, akashuka, akambeba June akamweka kiti cha mbele.

"Velo itabakia," akasema, akionyesha baiskeli. "Ni ndefu, haiingie. Batu kwanza."

"Iache," Walter akasema.

"Siiachi," June akasema kutoka ndani ya gari. Hakupaza sauti. "Nikiiacha hapa, anarudi kwenye kile kiti. Nitashuka nikae nayo."

Papa Musafiri alinitazama. Maji yalikuwa kwenye viatu vyetu. Nilifungua mlango wa nyuma, nikapanda juu ya mabegi, tukaiingiza ile baiskeli mpaka nusu. Walter akaketi karibu nami akalikumbatia tandiko, mimi nikashika fremu, mlango ukiwa wazi. Papa Musafiri akaendesha taratibu, kwa sababu ukiendesha kasi majini injini hunywa. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaning'inia nje, na kila mara gari lilipozama kidogo, gurudumu lilizunguka likirusha maji. Nilikuwa nikisoma dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na nadhani na nyingine ambazo si za safari. Walter alikuwa anacheka. Hakucheka kwa wazimu wala kwa hofu, alicheka tu, machozi yakimtoka, amekumbatia lile tandiko.

Tulifika. Papa Musafiri alizima injini, akakaa mikono juu ya usukani. "Bon," akasema baadaye. "Sasa tule."

Bi Ellen nilimpigia simu kesho yake, nikamweleza yote. Kisha akauliza June anaendeleaje, nikamwambia kifundo kimevimba tu. Akauliza Walter anaendeleaje. Nikamwambia yuko uani anamfundisha mwenye nyumba ya wageni kuunga mnyororo kwa kupapasa. Akasema, "Basi njia ibaki. Lakini gari lisingoje mbele tena." Hiyo ndiyo asili ya sheria mnayoilalamikia, kwamba penye barabara yenye njia moja ya kutokea, gari linakwenda nyuma ya mgeni wa mwisho. Haikutoka kwa watu wa bima.

Baiskeli yangu bahari iliichukua. Papa Musafiri alinitengenezea nyingine kutokana na vipande vya tatu zilizokufa, na niliipanda mpaka alipostaafu akahamia kwa watoto wake Kanada.

Walter na June walirudi Vendée mara mbili zaidi, na wakazoea kupita ofisini kila waliporudi kutoka Manassas, viatu vina tope, Walter akiuliza taipureta ile iko wapi maana haisikii. Kisha mwishoni mwa muongo ule moyo wa Walter ulisimama, asubuhi, nyumbani, wakijiandaa kutoka. Tulikwenda mazishini, Salim, Papa Musafiri na mimi. June alitushika mikono mmoja mmoja.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilimwona chini ya dirisha, gari lake limefungwa ile baiskeli juu. Nikashuka. Alisema watu wawili wametaka kuinunua, amewakatalia wote, na hawezi kuiendesha peke yake.

"Una nafasi Jumapili?" akauliza.

Tulikwenda barabara zao zilezile. Mimi nilikaa nyuma. Mtu wa nyuma, kama hamjajaribu, haongozi kitu. Anakanyaga na kuamini. June alianza mara moja, bila kufikiri. "Kona kushoto. Tunapanda. Shimo." Nikafuata. Tukapanda kilima, tukashuka, na hapo barabara iliponyooka hakukuwa na la kutangaza. Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini zaidi.

"Kuna farasi watatu karibu na uzio," akasema. "Mmoja ana doa jeupe usoni. Kuna nyumba ya manjano, wamepaka upya milango. Bwawa limejaa. Pale kwenye bwawa kuna mti umeanguka, uko hapo tangu tulipoanza kuja, sijawahi kukuambia."

Niliwaona farasi. Niliuona mti. Nikaendelea kukanyaga, naye akaniambia yote mpaka tuliporudi kwenye gari.